Fungate Jamaika mwezi wa Septemba: je, inafaa kwa watu wa Lamu?

Fundi wa Mkomani ameuliza:

Assalam alaykum, wakubwa zangu na wenzangu.

Panapo majaaliwa, harusi yangu itakuwa baada ya Maulidi, katika nusu ya kwanza ya Septemba 2026, hapa hapa Lamu. Binamu ya mchumba wangu anayeishi Uingereza ametuahidi zawadi ambayo sikuitazamia: siku saba katika hoteli ya ufukweni karibu na Montego Bay, nchini Jamaika, hoteli ya aina ile ambayo chumba, chakula, vinywaji na michezo ya majini hulipiwa kwa pamoja kabla mgeni hajaondoka kwao. Juu yetu imebaki nauli na matumizi madogo madogo. Amependekeza twende wiki ya mwisho ya Septemba, kwa kuwa bei ya wakati huo ni nafuu mno ikilinganishwa na ya Januari, ingawa amesema tarehe bado inaweza kubadilishwa.

Mimi ni fundi wa kuchonga milango, sijawahi kuvuka mpaka wa Kenya isipokuwa mara moja nilipokwenda Tanga. Naomba mnieleze njia ya kufika huko bila kukwama kwenye viza, na kama chakula cha huko kitatufaa sisi Waislamu. Pia liko jambo la nyumbani ambalo naona haya kidogo kulieleza. Mama mkwe wangu na somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, wanasema kwamba fungate ni siku saba za ndani, na kwamba bibi harusi anayeonekana kiwanja cha ndege kabla ya kutolewa nje ni aibu kwa nyumba nzima. Binamu naye anasema fungate ndiyo hiyo hiyo safari. Mimi niko katikati, na kila upande unanitazama.

Mpishi wa Malindi amejibu:

Wa alaykum salaam, mdogo wangu, na hongera. Nilikuwa mpishi katika meli ya watalii kwa miaka minne, tukizunguka kati ya Nassau, Ocho Rios na Montego Bay, na nadhani nimekanyaga Montego Bay mara nyingi kuliko Lamu, jambo ambalo mke wangu, mzaliwa wa Faza, hajanisamehe mpaka leo.

Nitaanza na tarehe, kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuliko viza. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na ukali wake hasa ni kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba. Hiyo bei ya Septemba haikushuka kwa hisani ya mwenye hoteli. Sisi watu wa pwani hii ni rahisi kulidharau jambo hili, kwa kuwa Lamu iko takriban digrii 2 tu kusini mwa Ikweta, na karibu na Ikweta ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupa upepo kujipinda hadi ukawa kimbunga ni dhaifu mno. Ndiyo maana wazee wetu walijifunza kuhesabu kaskazi na kusi bila kulazimika kuhesabu vimbunga. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania mwezi wa Mei 2024, watu walikizungumza kama muujiza. Jamaika iko kwenye digrii 18 kaskazini, palepale njiani. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita ukingoni mwa pwani yake ya kusini baada ya kukivunjavunja kisiwa cha Carriacou, na tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kiliingia nchi kavu upande wa kusini-magharibi kikiwa cha daraja la 5, ambalo ndilo la juu kabisa. Hoteli kadhaa za magharibi, upande huo huo wa Montego Bay, zilifungwa kwa matengenezo. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, mwambie binamu aulize kama hoteli hiyo imefunguliwa yote au nusu, na kama bwawa na ufuko wake vimerudi katika hali yake.

Ikiwa Septemba haiepukiki, visiwa vya Aruba na Curaçao viko kusini zaidi, na vimbunga huvifikia kwa nadra. Lakini huko sisi Wakenya tunahitaji viza, na zawadi yenyewe ni ya Jamaika. Mimi ningengoja kaskazi, kwani miezi ya Desemba hadi Machi huko pia ni ya ukavu.

Kuhusu chakula, usiwe na hofu, ila uwe na tahadhari. Sahani wanayojivunia ni nyama iliyosuguliwa viungo na pilipili, kisha ikaokwa polepole juu ya moshi wa mti unaozaa viungo vyenyewe, na pilipili yao ni ndugu wa pilipili mbuzi yetu. Tatizo ni kwamba kuku na nguruwe mara nyingi huokwa juu ya wavu mmoja. Andika barua pepe wiki mbili kabla, ueleze kwamba hamli nguruwe na hamtaki chakula kilichopikwa kwa pombe, kisha siku ya kwanza mwombe mpishi mkuu uonane naye ana kwa ana. Nakuambia kama mpishi: mgeni aliyekuja kunisalimia jikoni kwa adabu sikumsahau hata siku moja. Samaki wamejaa, shelisheli wanazichoma kama zinavyochomwa huku kwetu, na wana mkate wa muhogo ambao ukiula na samaki wa kukaanga utadhani uko Malindi. Shelisheli zao zina kisa: zililetwa kwa meli kutoka Tahiti mwaka 1793 ili ziwe chakula cha watumwa wa mashamba ya miwa. Tunda la kitaifa, linaloitwa aki, asili yake ni Afrika Magharibi, nalo ni sumu likiliwa kabla halijapasuka lenyewe mtini, kwa hiyo kula lile la hotelini tu na usijaribu kulichuma.

Mama Wawili wa Shela amejibu:

Kaka yangu wa Malindi amemaliza habari za hewa na jikoni, nami nitasema ya njia na ya sitara, kwa sababu mimi na mume wangu tulikwenda Barbados miaka mitatu iliyopita na makosa mengine tuliyafanya kwa ajili yenu.

Raia wa Kenya hahitaji viza kwa matembezi ya Jamaika, wala ya Barbados. Viza inayowakwamisha watu ni ya njiani. Ukipitia Marekani ni lazima uwe na viza yao hata kama hutoki kiwanjani, kwa kuwa huko kila abiria hupita uhamiaji. Ukipitia London, Mkenya anahitaji viza ya kupita hata akibaki ndani ya kiwanja; na ndege nyingi kutoka Nairobi hutua Heathrow, ilhali baadhi ya zile za Karibi huondokea Gatwick, na hapo inakubidi uingie nchini kabisa. Binamu yenu kwa kuwa yuko Uingereza atadhani njia ya London ndiyo rahisi. Kwake ni rahisi. Kwenu tafuteni njia ya Frankfurt, ambako zipo ndege zinazokwenda Montego Bay moja kwa moja, ingawa si za kila siku, na hakikisheni kwamba safari yote iko katika tikiti moja, ili ndege ya kwanza ikichelewa, jukumu la kuwafikisha liwe la shirika. Msisahau kwamba safari inaanzia kiwanja cha ndege cha Manda: ndege nyingi za Manda hutua kiwanja cha Wilson, na kutoka hapo hadi Jomo Kenyatta kuna foleni ya Nairobi isiyojali kwamba nyinyi ni maharusi. Sisi tulilala Nairobi usiku mmoja na sikujuta.

Jingine ni cheti cha homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo mtaulizwa cheti mkifika, na chanjo huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa. Dada yangu bibi harusi achanjwe kabla ya harusi, asingoje. Chanjo hiyo hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa kawaida mama mjamzito hapewi. Mkiahirisha hadi Januari, nani ajuaye Mungu atakuwa amewaandikia nini? Kwa sababu hiyo hiyo mwone daktari kuhusu Zika, ugonjwa wa mbu ambao umewahi kuenea visiwa vile na unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Sasa sitara. Msiogope kuuliza mapema chumba cha chini chenye kijibustani au kidimbwi chake chenyewe, kwa maana ufuko wa hoteli ni wa watu waliovaa vipande viwili vya nguo, na baa imo hadi ndani ya bwawa la kuogelea. Mimi nilivaa vazi la kuogelea la kufunika mwili na kichwa, na hakuna aliyenisumbua. Kibla hapa kwetu ni kaskazini moja kwa moja; huko Karibi mtaelekea kaskazini-mashariki. Saa za Jamaika ziko nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo mkimpigia mama mkwe baada ya chakula cha jioni mtakuwa mmemwamsha usiku wa manane, na hilo halitawasaidia katika kesi yenu.

Na bahari yao haipwi! Hili lilinishangaza kuliko yote. Sisi tumezoea bamvua, maji yanaondoka mpaka unaweza kutembea kwa miguu ulikoogelea asubuhi. Huko tofauti ya maji kujaa na kupwa ni ndogo mno. Mume wangu alikaa siku mbili akingojea maji yatoke ili akatafute pweza. Badala yake baadhi ya miezi huja mwani wa rangi ya kahawia, unaoelea kutoka Atlantiki na kurundikana ufukoni ukinuka kama mayai yaliyooza. Umekuwa ukija kwa wingi tangu mwaka 2011, mara nyingi zaidi miezi ya joto.

Kijana wa Kizingitini amejibu:

Kwa heshima zote, nauli ya watu wawili hadi Jamaika inatosha kuezeka nyumba. Kiwayuu kuna mchanga, kuna samaki, hakuna chanjo wala Frankfurt. Mtu ametoka kisiwani anavuka dunia kwenda kuangalia kisiwa?

Mpishi wa Malindi amejibu:

Kijana, hoja yako ina uzito, na mimi mwenyewe nilifanya fungate Watamu kwa siku tatu. Lakini zawadi ya hoteli haigeuki kuwa mabati. Ninachokubaliana nawe ni kwamba wasiende kukaa ndani ya ukuta wa hoteli siku zote saba. Hoteli hizi za kulipia kila kitu zilipoanza kuvuma Jamaika, hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, shabaha ilikuwa mgeni asiwe na haja ya kutoka langoni wala kufungua pochi, na mpango huo umefanikiwa kupita kiasi. Ufuko wenyewe kwa sehemu kubwa umezungushiwa ua. Sheria yao ya mwaka 1956 haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kuutumia, na wenyeji wanalilalamikia jambo hilo kama tunavyolalamika huku mtu anapofungiwa njia ya kwenda baharini. Fundi, toka uende Ocho Rios uone maporomoko ya Dunn's River yanayoteremka hadi baharini, kula samaki kando ya barabara, nunua kitu kwa fundi mwenzako anayechonga mbao. Weka bakshishi mfukoni, kwani mishahara ya wahudumu si ile unayoidhania ukiangalia marumaru ya sakafu.

Babu wa Langoni amejibu:

Mwanangu, nimesoma yote. Neno fungate ni letu, na hesabu yake ni siku saba. Katika siku hizo bwana harusi huhamia kwa mkewe, hafanyi kazi, hatumwi, hata mazishi na misikiti ya mbali husamehewa na jamaa. Chakula huletwa mlangoni, na somo ndiye anayeingia na kutoka. Wageni hawaruhusiwi kuwazoea maharusi kabla wao wenyewe hawajazoeana. Sasa nisomeapo habari za hoteli yenu, chakula kinaletwa, kazi hakuna, mlango umefungwa, nakuta binamu hajatoka mbali na desturi kama anavyodhani, isipokuwa kwamba somo amebadilishwa kwa mhudumu wa chumba, na ndani ya nyumba ya mama mkwe kumebadilishwa kwa ndani ya ukuta wa mtu mwingine.

Hata hivyo mama mkwe wako hakatazi safari. Msikilize vizuri: amesema kabla ya kutolewa nje. Kaeni saba zenu nyumbani, bibi harusi atolewe, wanawake wamwone na wamtunze, kisha safari iwe safari na isinyang'anye jina la fungate. Usiende wewe kumwambia hayo. Mtume mama yako mzazi, alasiri, na asiende mikono mitupu.

Fundi wa Mkomani amejibu:

Nawashukuru nyote. Mama alikwenda juzi na sinia ya halua, akakaa hadi magharibi. Jibu alilorudi nalo ni kwamba siku saba za ndani hazipunguzwi hata moja, na baada ya hapo twende popote, ila turudi kabla ya mwezi wa Ramadhani, ambao unatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari 2027. Binamu naye amekubali kuhamisha tarehe hadi katikati ya Januari, na tofauti ya bei tutaigawana, jambo ambalo limenilazimu kukubali kazi ya milango miwili ya nyumba moja ya Shela. Amethibitisha pia kwamba hoteli imefunguliwa yote.

Mchumba wangu, ambaye niligundua amekuwa akiwasoma tangu mwanzo bila kuniambia, amesema chumba kiwe cha chini chenye bustani, na kwamba Dunn's River hatapanda, atanitazama mimi nikipanda. Mama Wawili, limebaki swali moja: hiyo chanjo ulichomwa wapi?

Mama Wawili wa Shela amejibu:

Mombasa. Nendeni pamoja na pasipoti zenu, kwa kuwa namba ya pasipoti huandikwa kwenye kile kitabu cha manjano, na hakikisheni majina yamefanana herufi kwa herufi na ya tikiti. Mume wangu aliandikwa Muhammad huku na Mohamed kule, tukakaa saa nzima tukieleza kwamba ni mtu mmoja.