Bampa la mbele la Mark X: faiba, plastiki jipya au used la Japani? Naombeni ushauri

Kijana_wa_Goba
Wakuu habari za mchana, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu. Nina Mark X GRX130 ya 2010, bodaboda kanichomekea nikamkwepa nikaingia mtaroni, bampa la mbele limepasuka kuanzia kwenye foglaiti mpaka chini na masikio ya kufungia upande wa madigadi yamekatika yote, fundi kasema kuchomelea hapo ni kupoteza hela. Nimezunguka Ilala na Gerezani nikakuta la faiba linatengenezwa hapahapa mjini, limeshuka chini na muundo wake umenikaa sana moyoni, halafu kuna la plastiki jipya kutoka China halina rangi, na kuna used la Japani lina mikwaruzo ila ni zima. La faiba ndo bei iko chini kuliko yote. Wasiwasi wangu ni njia, mimi natokea vumbini kwenye makorongo ndo nafika lami, asubuhi na jioni. Nichukue lipi?

Kipara76
Used la Japani. Usizunguke sana mkuu.

Fundi_Bodi_Tabata
Mkuu ngoja nikueleze taratibu maana hii kitu watu wengi wanaangalia sura wanasahau kwamba bampa linaishi na barabara. Bampa la kiwandani la hiyo gari ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, ligeuze nyuma utakuta maandishi yamepigwa kwenye plastiki yenyewe, kitu kama >PP+EPDM-T10<, hiyo PP ndo polipropilini, EPDM ndo mpira na T10 maana yake kuna talki, yaani unga wa madini, asilimia 10. Sasa huo mpira ndo unafanya bampa likigusa tuta linajikunja halafu linarudi, hata likibonyea unamwagia maji ya moto unasukuma kwa ndani linajaa. Faiba haina hiyo tabia, ile ni nyuzi za kioo zimelowekwa kwenye resini ikagandishwa na hadna, ikishakauka imekauka, ukigusa korongo haikunji inapasuka, na kama haijapasuka basi rangi inaanza kupiga nyufa ndogondogo. Kwa njia uliyoitaja kila siku mara mbili mimi nisingekufungia faiba kwa moyo mweupe hata kama hela ya kazi naipata.

Mzee_wa_Athlete
Hapana fundi, tusiiseme vibaya faiba kiasi hicho. Mimi ninayo kwenye Crown mwaka wa pili huu na barabara zetu ni zilezile. Faiba ikipasuka fundi yeyote mwenye mkeka wa nyuzi za kioo na resini anakuzibia kwa nyuma, anapiga msasa anapaka rangi imeisha, hiyo plastiki sikio likishakatika ndo hivyo jamaa anavyolia hapo juu. Tatizo ni faiba nyepesi za mkeka mmoja, hizo ndo zinaharibu jina. Ukienda kununua pitisha mkono kwa nyuma, ukiona mwanga unapenya au ukibonyeza kwa dole gumba inacheza, achana nayo. Na kwenye bolti weka washa pana, bila hivyo mtikisiko unakula tundu mpaka bampa linaning'inia.

Fundi_Bodi_Tabata
Mzee wangu kuhusu kuzibika nakubali kabisa, faiba inazibika kirahisi. Ila Crown yako inatembea lami, si ndio? Huyu kijana anatokea korongoni, atakuwa mteja wa kuziba kila baada ya mvua. Na lingine, faiba za mtaani nyingi haziji na vipimo sawasawa, utakata, utatoboa, utapunguza kwenye taa, mpaka ikae imeshakula siku nzima na hela ya fundi juu. Ile bei ya chini aliyoiona bado haina hiyo kazi.

Msee_wa_Grogan
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu Kirinyaga Road story ni hiyohiyo. Mimi nilitaka tu kuongeza ya rangi kwa sababu hapo ndio watu hupigwa. Ukichukua hiyo mpya ya China, plastiki ya PP haishiki rangi vizuri yenyewe, lazima ioshwe vizuri kwanza kutoa mafuta ya kiwandani, ikwaruzwe, halafu ipigwe praima ya plastiki ndio rangi ifuate. Fundi akiruka hiyo hatua, siku utaenda kuosha gari na mashine ya presha utaona rangi inatoka kama ngozi. Na asipake puti ya kawaida ya mabati kwa bampa ya plastiki, hiyo ni ngumu, bampa ikijikunja inapasuka, kuna puti yake laini.

Binti_Kihonda
Swali jamani, kwanini asifunge ngao ya chuma mbele yamalizike? Naona watu wa Prado wanafunga.

Fundi_Bodi_Tabata
Dada yangu ngao kwenye gari ya chini kama Mark X inaongeza uzito mbele na inaingilia mpangilio wa gari wa kupokea ajali. Nyuma ya hilo bampa mnaloliona kuna mto wa povu na nyuma yake kuna chuma kimefungwa kwenye chesisi, hivyo ndo vinavyopokea kishindo, bampa lenyewe ni gamba tu. Ukiweka chuma kigumu mbele yake kishindo kinapita moja kwa moja kwenye chesisi, na eabegi inaweza isifunguke kwa wakati wake. Na mtu wa mguu ukimgonga na ngao umemmaliza, Umoja wa Ulaya waliweka sheria ya ngao kupimwa tangu 2005 kwa ajili ya waenda kwa miguu na watoto. Sisi barabarani watoto wa shule wanavuka kila mahali, tuwaonee huruma.
Kijana nawe kwenye huo mtaro hakikisha fundi wako kakagua hicho chuma cha ndani na povu, usije ukafunga bampa zuri juu ya chuma kilichopinda, halitakaa hata siku moja.

Kijana_wa_Goba
Aisee asanteni sana, hilo la chuma cha ndani sikuwa nimeliwaza kabisa. Kesho nakagua. Kwahiyo mnanishauri used? Na ule muonekano wa chini naupataje maana roho bado inautaka.

Kipara76
Chukua used, halafu weka lipu ya mpira, yaani ule ukingo wa chini ya bampa, ile ya kubandika na skrubu. Ikigusa inajikunja, ikichakaa unang'oa unaweka nyingine.

Mzee_wa_Athlete
Kwa njia hiyo ya vumbi na mimi nasema used, faiba ibaki kwetu wa lami. Ila angalia kitu kimoja, Mark X 130 ilibadilishwa uso 2012, bampa la kabla na la baada si moja na taa zake pia tofauti. Yako ni 2010, wasije wakakupa la 2013 halafu ukaanza kutafuta taa.

Fundi_Bodi_Tabata
Sahihi kabisa. Nenda na gari yenyewe, lifitishwe pale dukani likiwa na mikwaruzo yake kabla hujalipa, angalia nafasi kati ya bampa na boneti na kwenye taa zote mbili, hesabu masikio yote yawepo na usome ile alama ya PP kwa nyuma. Likikaa ndo unalipa, ndo unapeleka rangi.

Kijana_wa_Goba
Sawa fundi. Jumamosi naenda Ilala na gari, nikishafitisha naweka picha hapa mnisaidie kuangalia hizo nafasi kabla sijatoa hela.