Naomba ushauri: Nifanye nini nisilazimike kushikana mikono na ukoo mzima Krismasi hii?

BintiWaMkuu:
Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Nina umri wa miaka 17, nimemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita, na ninaishi Dar es Salaam na wazazi wangu. Kama mjuavyo desturi yetu Wachagga, Desemba ikiingia mazungumzo yote nyumbani ni ya kwenda Rombo: nani amekata tiketi za basi pale Mbezi, nani atanunua mbuzi. Mimi ninatamani kubaki. Tangu nilipovunja ungo, nikimshika mtu mkono ninayasikia mwilini mwangu maumivu yake. Mwenye vidonda vya tumbo hunichoma tumboni, na mwenye jino bovu ninamjua kabla hajafungua kinywa. Mdogo wangu wa miaka 15, mtoto wa baba mdogo, yeye huota mambo kabla hayajatokea. Siri hii tumeitunza sisi wawili. Siku ya Krismasi wageni humiminika kihambani (kwenye shamba la ukoo) tangu misa inapokwisha hadi usiku, na kijana asiyetoa mkono kwa mkubwa huonekana hakufunzwa adabu. Mwaka jana nililala na homa. Niwaambie nini wazazi ili waniache Dar?

MamaWatatu:
Mwanangu, nenda nyumbani. Binti yangu alikataa kwenda mwaka mmoja kwa kisingizio cha masomo, na bibi yake, aliyemsubiri, hakuiona Krismasi iliyofuata. Mpaka leo akisikia watu wakipanga safari huingia chumbani kwake.

MpareWaSame:
Funga kiganja kwa bendeji na useme umeungua na uji. Watakupa pole na kukusalimia kwa mdomo, na hakuna atakayekuona huna adabu.

MwalimuMstaafu:
Nimesoma mara mbili, binti. Kama ulivyoandika, jambo hili unalo kwa miaka kadhaa, na kila Desemba umekuwa ukisafiri. Kuna kitu kipya mwaka huu ambacho hujakisema. Ni kipi?

BintiWaMkuu:
Mwalimu, sikutaka kulileta hapa. Babu alifariki mwezi wa tano, na baba mkubwa anaamini kwamba hakufa kwa kudra ya Mungu. Mdogo wangu aliponyokwa na maneno mbele yake, ndipo siri yetu ikajulikana. Sasa ameandaa kikao cha ukoo tarehe 26, ambapo nitamshika kila mtu mkono, kisha nimwambie yeye faraghani nilichokisikia. Nimekwisha kukubali. Ameahidi kunilipia kidato cha tano, na sehemu ya pesa ameshanitumia kwa simu. Sioni ubaya wake, kwa sababu sitasema uongo. Isitoshe, nilipomshika shangazi mmoja msibani nilisikia uzito chini ya kwapa la kushoto, na baba mkubwa anasema hiyo ndiyo alama anayoitafuta.

MuuguziWaZamu:
Soma tena ulichoandika, mdogo wangu. Kwa maelezo yako mwenyewe unasikia maumivu, na maumivu si hatia. Mwenye jino bovu hukumwita mwizi. Kwa nini shangazi mwenye uzito kwapani awe muuaji? Mimi siamini vipawa, lakini ninaamini kwapa. Uvimbe wa kwapani kwa mwanamke mtu mzima unaweza kuwa dalili ya saratani ya titi, ambayo mara nyingi mwanzoni haiumi kabisa, ndiyo maana wengi wetu tunawapokea wakiwa wamechelewa. Shangazi anahitaji kupimwa, na wewe unataka kumweka kizimbani.

WakiliMdogo:
Sheria ya Uchawi ni ya tangu mwaka 1928 na bado inatumika Tanzania. Kumtaja mtu kwamba ni mchawi ni kosa, hata kama aliyemtaja anaamini anachokisema. Tena wewe bado ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mtu mzima anayekulipa ili umnyooshee kidole mwenzake anakutumia. Ukibanwa, piga 116. Ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Nchi hii imezika bibi wengi waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo yaliletwa na moshi wa kuni.

NyotaYaKusini:
Binti, kipawa chako ni kikubwa. Nitumie namba yako kwa siri, nikuunganishe na mtaalamu akufungue zaidi.

MwalimuMstaafu:
Usimtumie mtu huyu chochote.

MachameAsili:
Mimi ninaona tunapoteza muda. Katika uzi wake mwingine wa wiki iliyopita, binti huyu aliandika kwamba mwaka jana mbege, pombe yetu ya ndizi, ilitengenezwa mkesha wa Krismasi na ikanywewa Krismasi yenyewe. Mchagga gani asiyejua kwamba ndizi mbivu huchemshwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo ukachanganywa uji wa ulezi? Hii ni hadithi ya kutunga.

MpareWaSame:
Na msesewe, gome chungu linalotiwa kwenye mbege, hakuutaja hata mara moja.

BintiWaMkuu:
Nimezaliwa na kukulia Dar. Tulifika Rombo tarehe 24 jioni, nikawakuta wanawake wakichanganya ulezi, nikaandika nilichokiona. Kama hamniamini basi, lakini tarehe 26 haitasogea kwa sababu ya mbege.

MwalimuMstaafu:
Anasema kweli. Kuchanganya ndiyo hatua ya mwisho, na mgeni aliyefika siku hiyo asingeziona ndizi zilipochemshwa. Turudi kwenye kikao. Je, mama yako anajua?

BintiWaMkuu:
Alikuwa hajui, nami nilikuwa ninatetea jambo hili kwa sababu ya ada. Jana usiku nilimweleza habari ya kikao na ya pesa. Ya mikono sikuthubutu. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema pesa zitarudishwa kesho na yeye mwenyewe, na kwamba baba ataongea na kaka yake kabla hatujasafiri. Tutakwenda. Mdogo wangu anaogopa kwamba atachapwa kwa kuniponza, kwa hiyo nimeomba alale chumba kimoja nami. Bado sijui nimfanyeje shangazi. Nikimwambia aende hospitali, ataniuliza nimejuaje.

MuuguziWaZamu:
Usimwambie wewe. Mwombe mama yako aende kupimwa matiti KCMC, ile hospitali ya Moshi, kabla hamjarudi Dar, na amwombe shangazi amsindikize. Wakifika huko wapimwe wote wawili. Mawifi wakiongozana mjini baada ya sikukuu, hakuna atakayeuliza sababu.