Kipini iko Lamu au Tana River? Mtoto wangu kakosa swali

MamaWawili_Malindi:
Asalaam aleikum wenzangu, naomba mnisaidie hapa. Mwanangu alipewa homuweki ya kuandika miji mitano ya Kaunti ya Lamu akaniuliza mie, nikamtajia Amu (mji wa Lamu wenyewe), Shela, Witu, Mpeketoni na Kipini, sasa karudi Kipini imepigwa mkasi. Mie nimezaliwa hapa Malindi na miaka yote nasikia watu wakisema "Witu na Kipini" kwa pamoja, nikajua ni kwao kumoja. Mwalimu kakosea au ni mie?

Kijana_wa_Garsen:
Mwalimu yuko sawa dada. Kipini ni Tana River, pale mto Tana unapoingia baharini, makao makuu yetu ni Hola. Ukitoka Malindi na basi la Lamu unafika Garsen halafu Witu, na Witu ndiyo tayari Lamu. Kipini unakata kulia kabla hujafika Witu.

Mpate_Asili:
Mamangu usisikitike, hata wakubwa wanachanganya. Witu na Kipini ni majirani na zamani mambo yao yalikuwa mamoja, Witu ilikuwa na sultani wake, Ahmed aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Wanabahani waliotawala Pate. Mjerumani akamweka chini ya himaya yake 1885, 1890 akamwachia Muingereza, na mwaka huohuo Muingereza akautia moto mji wa Witu. Leo mtu anapita na basi ananunua maembe hapo hajui kabisa.

Lakini mie linaloniuma ni jingine, katika miji mitano hukutaja hata mmoja wa kisiwa cha Pate! Kila mtu akisikia Lamu anawaza Amu na punda na magofu. Sisi huku tuna Pate yenyewe, Siyu, Faza, Tchundwa, Mbwajumwali, Kizingitini, yote ni miji ya watu na misikiti na skuli. Siyu ina ngome na mafundi wa viatu vya ngozi, Kizingitini ni wavuvi wa kamba. Kuja kwetu unapanda boti Amu, unapita Mkanda kati ya Manda na bara, na maji yakiwa yamekupwa boti inangoja, huna la kufanya. Unashuka Mtangawanda ndio utafute gari. Mwambie mtoto aandike Faza mahali pa Kipini, hapigwi mkasi.

Shamba_Mpeketoni:
Naongezea ya huku bara maana sehemu kubwa ya kaunti ni bara si visiwa. Mpeketoni ilikua kwa skimu ya Ziwa Kenyatta, mpango wa serikali wa kugawa mashamba, miaka ya sabini, familia nyingi zilitoka bara ya juu zikapewa mashamba, ziwa lenyewe ni la maji baridi na lina viboko, tunalima pamba, mahindi, korosho, ufuta. Halafu kuna Hindi, Mokowe, Mkunumbi, Hongwe. Kule Basuba na Mangai ni kwa watu wa kabila la Waboni, na Kiunga ni karibu kabisa na Somalia. Kwa sensa ya 2019 kaunti nzima ina watu 143,920, ndiyo ndogo kuliko zote Kenya kwa watu, lakini ardhi ni zaidi ya kilomita za mraba 6,000, kwa hiyo miji iko mbali mmoja na mwingine na ndiyo maana haijulikani.

MamaWawili_Malindi:
Mashaallah nimefahamu, shukran sana. Ameshafuta Kipini ameandika Faza. Sasa kaniuliza tena, na Malindi ni kaunti?

Kijana_wa_Garsen:
Hapana, Malindi ni mji wa Kaunti ya Kilifi, makao makuu ni Kilifi mjini. Zamani ilikuwa wilaya peke yake ndio maana wazee bado wanaitaja hivyo.

Mpate_Asili:
Na likizo mlete Pate ajionee. Ila njoo siku za bamvua maji yakiwa yamejaa, siku za maji mafu, maji yasipojaa sana, boti haifiki mji wa Pate, utashushwa mbali na mtatembea kwenye matope na mtoto.