Postikadi za zamani za Beit al-Ajaib: dukani, mtandaoni au kwenye hifadhi?

Mkunazini
Wakuu, salaam. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Masultani hapa Unguja, iporomoke Desemba 2020 natamani kupata postikadi za jumba lile enzi zake. Kuna muuzaji Mji Mkongwe anazo, anasema ni za wakati wa Masultani. Wengine wananiambia nitafute mtandaoni. Nataka kuziwekea fremu nyumbani kwa wazazi, ila ziwe za kweli. Nianzie wapi?

Bin Kizingo
Mkuu, kwa kuwa uko Unguja anza na duka, maana unaishika kadi mkononi. Nenda na lenzi ya kukuzia. Kadi iliyochapwa kiwandani mara nyingi ina vitone vidogo vidogo. Iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha haina, na ikizeeka sehemu zake nyeusi za pembeni hung'aa kama fedha. Vitone si dosari, kadi nyingi za kale zilichapwa. Kinachomuumbua mghushi ni karatasi: imulike kwa taa ya kukagulia noti. Ikiwaka kibluu, achana na habari za Masultani wa kale, karatasi ya kabla ya Vita vya Pili haiwaki hivyo.

Kisha igeuze. Kama upande wa nyuma wote ni wa anwani, hauna mstari katikati wa kutenga ujumbe na anwani, hiyo ni ya mwanzo kabisa. Uingereza iliruhusu mstari mwaka 1902, Ujerumani 1905. Ukikuta jina la Gomes au Coutinho, hao ni wapiga picha Wagoa (watu wa asili ya Goa, India) waliokuwa na studio hapo hapo Unguja.

Mama Zuhura
Bin Kizingo kasema vyema, lakini mimi naweka mtandao mbele. Postikadi ilinunuliwa ili itumwe! Zilipanda meli zikaenda Ulaya, na huko ndiko zilikobaki kwenye maboksi ya familia. Zilizobaki kwetu nyingi hazikutumwa. Iliyotumwa ina stempu na muhuri wa posta wenye tarehe, na huo ni ushahidi ambao maneno ya muuzaji hayaufikii.

Ingia Delcampe au eBay, masoko ya mtandaoni. Usiandike "Zanzibar" tu, jaribu na "Sansibar" ya Kijerumani, kwa sababu wauzaji hunakili kilichoandikwa kwenye kadi. Dai picha ya pande zote mbili kabla hujalipa. Gharama ya kusafirisha inaweza kuipita bei ya kadi yenyewe, kwa hiyo chukua kadhaa kwa muuzaji mmoja.

Kurasini
Kama shida ni kuona tu na kutundika ukutani, hifadhi za picha zinatosha. Picha za Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar wakati wa Wajerumani, ziko Bundesarchiv, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, na nyingi zimewekwa Wikimedia Commons, ghala la picha la mtandaoni, bure, ili mradi utaje chanzo. Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani nacho kina mkusanyo wa Winterton, maelfu ya picha za Afrika Mashariki kuanzia 1860 hadi 1960. Mimi huko ndiko ninakojifunzia jengo lilivyokuwa kabla sijatoa hela yangu kwa mtu.

Mkunazini
Ahsanteni sana. Nimerudi kwa yule muuzaji. Anayo moja ambayo mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, haujashikana nalo. Ni sahihi kweli?

Bin Kizingo
Sahihi kabisa! Huo ndio mnara wa taa wa awali. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu, ukabomolewa, na mnara wa saa uliofuata ukajengwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Kwa hiyo kama mnara hauna majeraha, picha ilipigwa kabla ya siku hiyo. Kadi ni jambo jingine, picha ya zamani huweza kuchapwa tena miaka mingi baadaye. Usipatane bei bado. Tuwekee hapa picha ya upande wa nyuma, tena kwenye mwanga wa jua.

Mama Zuhura
Na kama ina maandishi ya mkono, usikubali kamwe muuzaji ayafute ili "ipendeze".