Mjadala: Serikali iajiri watengenezaji wake wa programu, au iendelee kununua mifumo kwa wazabuni?

Mwanzisha mada: Wakuu, taasisi nyingi za umma zikihitaji mfumo hutangaza zabuni. Mzabuni anajenga, anakabidhi, anaondoka. Msimamo wangu ni kwamba mishahara, kodi, vitambulisho na usajili wa ardhi visiwe mikononi mwa mtu ambaye mkataba wake una tarehe ya mwisho. Waajiriwe wahandisi, wapewe madaraja, wabaki na mfumo. Anayepinga alete sababu za kikazi.

Afisa manunuzi: Napinga. Mfumo mkubwa unataka watu wengi wakati wa kujenga, kisha wachache wa kuutunza. Ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, haipandi na kushuka namna hiyo. Ukiajiri wote, nusu watakosa kazi ya kujenga. Ukiajiri wachache, hawamalizi. Tena serikali kujifanyia mwenyewe si kinga. Tarehe 26 Septemba 2025 moto wa betri za lithiamu uliunguza kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini kule Daejeon. Mifumo 709 ilizimika, na hifadhi ya pamoja ya watumishi, G-Drive, ilipoteza takribani terabaiti 858 za kazi zao kwa kuwa haikuwa na nakala mahali pengine. Kituo kilikuwa cha serikali yenyewe.

Mtaalamu wa mifumo: Daejeon inatufundisha kuhusu nakala rudufu, haisemi lolote kuhusu nani ajenge. Tazama Phoenix, mfumo wa mishahara wa serikali kuu ya Kanada, ulioanza kutumika Februari 2016. IBM iliujenga juu ya programu ya PeopleSoft, na kanuni za malipo zilizidi 80,000. Bajeti ilipobana, viongozi wa mradi waliondoa au kuahirisha zaidi ya kazi 100 kati ya 984 ambazo mfumo ulipaswa kufanya, ikiwemo kukokotoa malimbikizo. Jaribio la awali nalo likafutwa. Wakati huohuo maofisa wa mishahara waliokuwa wizarani walipunguzwa na kazi ikahamishiwa kituo kimoja, Miramichi. Wapo waliolipwa pungufu, wapo waliozidishiwa, na wapo ambao hawakulipwa kabisa. Aliyekosekana upande wa serikali ni mtu anayeuelewa mfumo kwa ndani, mwenye mamlaka ya kusema "bila malimbikizo hatuanzi" na akasikilizwa.

Utaratibu wa kuhamia mfumo mpya wa mishahara unajulikana. Endesha mfumo wa zamani na mpya sambamba kwa miezi isiyopungua 3. Linganisha kinachobaki mkononi kwa kila mtumishi, mmoja mmoja. Usiridhike na jumla kuu, maana huko aliyezidishiwa humfidia aliyepunjwa na hesabu ikaonekana safi. Kisha panga tofauti kwa chanzo chake: aliyepanda daraja katikati ya mwezi, posho ya kukaimu, likizo bila malipo, makato ya mkopo, kukadiria senti. Wa zamani usizimwe hadi kila tofauti iwe na maelezo na saini.

Afisa utumishi: Nakubaliana nawe, ila watu hao hawakai, na sababu si mshahara peke yake. Tatizo liko kwenye muundo wa utumishi. Mhandisi akifika ngazi fulani hapandi tena mpaka awe mkuu wa kitengo, na akishakuwa mkuu wa kitengo anashinda vikaoni. Mnampoteza fundi mzuri ili mpate meneja wa kawaida. Iwepo njia ya pili ya kupanda, ya ubobezi, yenye madaraja yanayolingana na ya uongozi.

Usaili pia tuuangalie. Kumuuliza mtu "hifadhidata ni nini" hakukuonyeshi kama anaweza kazi. Mpe hifadhidata ya mfano yenye rekodi zilizojirudia na ripoti inayotoa jumla isiyo sahihi, mwachie dakika 90, kisha akueleze kosa liko wapi na amelijuaje. Na mtu wa namna hiyo asihamishwe ghafla kwa barua ya wiki moja, kwa sababu makabidhiano ya mfumo hayamaliziki kwa kusaini orodha ya vifaa.

Afisa manunuzi: Hapo umenena. Lakini Estonia imetumia X-Road, mfumo wa taasisi kubadilishana taarifa, tangu 2001, na kampuni binafsi zilishiriki kuijenga. Dola ilishika umiliki na kanuni. Kwa hiyo turekebishe mikataba: jina la kikoa (anwani ya tovuti) lisajiliwe kwa taasisi, nywila kuu zikae kwa taasisi, na msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ukabidhiwe kila awamu kabla ya malipo ya awamu hiyo.

Mwanzisha mada: Mkuu, kipengele hicho huwa kipo. Kamati ya mapokezi inapewa diski, inasaini. Nani aliyeifungua?

Mtaalamu wa mifumo: Hilo ndilo swali. Diski yenye msimbo haithibitishi kitu mpaka mfumo usimame kutokana nayo. Chukua seva tupu. Mzabuni asiwepo chumbani. Watumishi wawili wafuate mwongozo aliouleta, bila kupiga simu. Wakimaliza warudishe nakala rudufu ya jana, kisha wachague rekodi 20 na kuzilinganisha na mfumo unaotumika. Mara nyingi kazi inakwama mapema: faili la mipangilio halimo, maktaba ya programu (msimbo wa wengine ambao mfumo unautegemea) imetajwa bila toleo, au anwani ya seva ya mzabuni imeandikwa ndani ya msimbo, kiasi kwamba siku akiizima na huduma yako inazimika. Makosa hayo mjumbe wa kamati asiyesoma msimbo hawezi kuyaona.

Afisa manunuzi: Jaribio hilo nalikubali liwe sharti la malipo ya mwisho. Nisichokubali ni kila taasisi kuajiri kikosi chake. Kiwepo kikosi kimoja cha serikali kinachozunguka. Uingereza iliunda Government Digital Service mwaka 2011 na kitengo hicho kikapewa sauti kwenye matumizi ya wizara kwa teknolojia.

Afisa utumishi: Kikosi cha kati kitafaa kukagua. Lakini cheti cha usalama cha tovuti kikiisha muda saa 6 usiku na wananchi hawaingii asubuhi, hakitakuwepo. Kila taasisi ibaki na watu wawili angalau, na taarifa za kuhuisha cheti ziende kwenye barua pepe ya kitengo, isiwe ya mtu mmoja ambaye kesho anaweza kuwa likizo.

Mwanzisha mada: Wawili nakubali. Ila mishahara yao iwekwe kwenye bajeti ya matumizi ya kawaida. Wakilipwa kwa fedha za mradi, siku mradi unafungwa na wao wanaondoka pamoja na mzabuni.