Kufundisha Kiingereza watoto wadogo kwenye baridi kali, mnafanyaje?

Wadau habari zenu, nipo ughaibuni nafundisha watoto wa miaka 4 na 5, sasa theluji imeanza nje hatutoki kabisa, wanakuja wamejifunga makoti, skafu, sijui nini, kuvuana tu robo saa imeisha. Halafu wengine mwezi wa pili huu hawajatoa hata neno. Nifanyeje jamani?

Jibu 1: Hiyo robo saa ndio somo lenyewe ndugu yangu 😂 kila anachovua kitaje kwa Kiingereza, kila siku maneno yaleyale, wakishayazoea kosea makusudi, vaa glavu mguuni uone watakavyokurekebisha.

Jibu 2: Hao wasioongea usiwalazimishe, mtoto akianza lugha mpya anaweza kukaa wiki hata miezi anasikiliza tu, huko kichwani anapokea. Mpe amri za vitendo, ruka, kaa, gusa pua, maana kutii nako ni kujibu. Njia hii mwanasaikolojia Mmarekani James Asher aliianzisha miaka ya 1960, inaitwa Total Physical Response, yaani kujibu kwa mwili mzima, na kwa baridi hiyo inawapasha moto pia. Ila usizidishe dakika 10 kwa mchezo mmoja, wanachoka haraka hao.

Jibu 3: Na wewe kunywa maji, hita inakausha koo balaa, mi sauti ilinikata wiki nzima.

Muuliza swali: Asanteni sana. Leo nimevaa glavu mguuni, yule mkimya wangu kapiga kelele "no!!" nusura nilie