Msaada wakuu: 9^x − 4·3^(x+1) + 27 = 0, nimekwama kwenye vipeo

Wakuu habari zenu, naombeni msaada, najisomea mwenyewe nyumbani nataka kurudia mtihani wa kidato cha nne na hili swali linanizungusha tangu jana usiku. Tafuta x: 9^x − 4·3^(x+1) + 27 = 0. Mimi nimezidisha 4 na 3 nikapata 12^(x+1), sasa 9, 12 na 27 zinagoma kuwa na namba moja ya chini. Nakosea wapi?

mwalimu_wa_jioni:
Umekosea hapo hapo kwenye 12 mkuu. Kipeo ni cha ile 3 peke yake, 4 imekaa nje haina kipeo, huruhusiwi kuzizidisha. Weka x = 2 uone mwenyewe, 4·3^3 ni 4 mara 27 yani 108, ila 12^3 ni 1728! Kosa hili nakutana nalo sana tuisheni na sio kwamba vijana ni wavivu, wamekaririshwa sheria hawajaambiwa kipeo kinahesabu nini. 3^3 maana yake 3 tatu zimezidishana, basi, ile 4 haihusiki.

Kibokomaji:
Naongezea. Ukijumlisha vipeo ni kwamba ulizidisha, kwa hiyo 3^(x+1) ivunje iwe 3·3^x, sasa ndo 4 inakutana na 3 iliyotoka nje, unapata 12·3^x. Na 9 ni 3^2 kwahiyo 9^x ni 3^(2x), ambayo ni (3^x)^2. Iite 3^x kuwa y:

y² − 12y + 27 = 0
(y − 3)(y − 9) = 0

y ni 3 au 9. 3^x = 3 inakupa x = 1, na 3^x = 9 inakupa x = 2.

Muuliza swali:
Dah asanteni sana, nimejaribu x = 1 imekuja 9 − 36 + 27 = 0 kweli. Sasa je y ingetoka −3?

mwalimu_wa_jioni:
Unaitupa. 3 hata uipe kipeo hasi haiwi hasi, 3^(−2) ni 1/9, imekuwa ndogo tu ila bado ni chanya. Andika sababu hiyo kwenye karatasi, usiikate kimyakimya.